Kujenga na Kuamua Magari ya Matofali ya Kuchezea: Mwongozo kwa Wajenzi na Waamuzi

Gari la matofali ya kuchezea lenye gia, springi na usukani ni mashine kamili, na linastahili kujengwa na kupimwa kama mashine. Kampuni ya LEGO ya Denmark ilipotoa mfululizo uliokuja kuitwa Technic mwaka 1977, miongoni mwa seti za mwanzo ilikuwamo chasisi ya gari ambayo pistoni zake zilipanda na kushuka magurudumu yakizunguka, na usukani wake ulipinda magurudumu ya mbele. Tangu wakati huo watu wazima kwa watoto wamekuwa wakibuni magari yao wenyewe kwa vipande hivyo, na mahali popote wanapokutana wawili au watatu, swali la gari lipi ni bora halikosi kuulizwa.

Mwongozo huu unachukua kazi zote mbili, ya kujenga na ya kuamua, kwa sababu naamini haziwezi kutenganishwa. Mjenzi asiyejua atapimwa kwa nini hujenga kwa kubahatisha, na mwamuzi asiyejua gari linavyojengwa huishia kulipa alama gari lenye rangi nzuri zaidi. Kinachoziunganisha kazi hizi ni karatasi moja ambayo mjenzi huiandika kabla hajashika kipande chochote, nami nitaiita tamko la gari.

Hatua ya kwanza: Andika tamko la gari

Orodhesha kila kazi ambayo gari lako litaifanya, kwa sentensi zinazoweza kupimwa. Usiandike kwamba gari litakuwa na nguvu. Andika kwamba litapanda ubao ulioinuliwa nyuzi 30 likianzia hapo hapo penye mteremko. Usiandike kwamba lina usukani mzuri. Andika kwamba litageuka duara zima ndani ya nafasi ya upana fulani, na kwamba magurudumu yatarudi katikati yenyewe rimoti inapoachwa. Milango ikifunguka, andika. Pistoni zikizunguka pamoja na magurudumu, andika. Kama winchi itavuta uzito wa gari lenyewe, andika, na ujue kwamba mwamuzi atafunga kamba na kuijaribu.

Tamko fupi lililotimizwa lote lina thamani kuliko tamko refu ambalo nusu yake hukwama. Wajenzi wengi wapya hupakia gari moja giaboksi, difu tatu (difu ni gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti), winchi, mlango wa umeme na injini inayozunguka, kisha kila kifaa kinakosa nafasi ya kushikiliwa vizuri. Kazi tatu au nne zinamtosha mtu anayejenga gari lake la kwanza la kubuni.

Hatua ya pili: Chagua tairi, kisha tafuta skeli

Tairi ndicho kipande pekee usichoweza kukibuni, kwa hiyo vipimo vyote vya gari hutoka kwake. Pima kipenyo cha tairi ulilonalo kwa milimita, tafuta kipenyo cha tairi la gari halisi unaloliiga, kisha gawanya cha pili kwa cha kwanza. Chukua mfano wa gari dogo la abiria ambalo tairi lake lina kipenyo cha milimita 660, nawe una tairi la milimita 62.4, ambalo hutumika sana katika magari ya barabarani. Ukigawanya unapata takribani 10.6, yaani skeli ya 1 kwa 10.6.

Baada ya hapo badili vipimo vya gari halisi kuwa matundu. Umbali kutoka kati ya tundu moja la boriti, yaani kipande kirefu chenye safu ya matundu, hadi kati ya tundu linalofuata ni milimita 8, na hicho ndicho kipimo ambacho wajenzi hukitumia kwa kila kitu. Gari la urefu wa mita 4.5 litakuwa na milimita 425 hivi, ambazo ni matundu 53. Upana wa mita 1.8 unakuwa matundu 21, na umbali wa mita 2.7 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma unakuwa matundu 32. Chora mstatili wa vipimo hivyo kwenye karatasi, weka alama za magurudumu, na usiuvuke. Jicho la mtu husamehe kosa la urefu wa bodi kwa tundu moja au mawili, lakini halisamehi gurudumu lililokaa mahali pasipo pake, hata kama mtazamaji hawezi kueleza kinachomkera.

Upana uwe namba witiri kila inapowezekana, 21 au 23 badala ya 22. Gari lenye upana wa matundu witiri lina tundu la katikati, na humo ndimo shafti inayopeleka nguvu nyuma, mhimili wa usukani na difu vinapokaa bila kusukumwa upande mmoja.

Hatua ya tatu: Jenga chasisi isiyopinda

Shika chasisi kwa mikono miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kisha jaribu kuisokota kama unavyokamua nguo. Ikisokotika, springi hazitafanya kazi ipasavyo, kwa kuwa chasisi yenyewe imegeuka springi, na gia zitaachana mzigo unapozidi.

Dawa ya kwanza ni kuacha kutegemea boriti mbili ndefu zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama. Chasisi iwe na kimo: boriti mbili chini na mbili juu, zikiunganishwa kwa boriti za wima, hata ukitazama kwa ubavu unaona sanduku. Fremu za mstatili za matundu 5 kwa 7 na 5 kwa 11 zilibuniwa kwa kazi hii, na moja tu iliyowekwa penye difu hufanya kazi ya boriti nyingi.

Dawa ya pili ni pembetatu. Kanuni ya 3, 4 na 5 hufanya kazi kikamilifu katika boriti, ila hesabu ifanywe kwa nafasi zilizo kati ya matundu. Nafasi 3 zinahitaji boriti ya matundu 4, nafasi 4 zinahitaji matundu 5, na ule mshazari wa nafasi 5 unahitaji matundu 6. Anayehesabu matundu badala ya nafasi hupata pembetatu ambayo pini yake ya mwisho inaingia kwa kulazimishwa, na kipande kinachokaa kwa kulazimishwa hupinda polepole hadi kinapauka penye mkazo.

Zitazame pini kwa makini. Pini nyeusi ya kawaida ina matuta madogo yanayobana ndani ya tundu, na hiyo ni ya kuunganisha visivyosogea. Pini ya kijivu isiyo na matuta huzunguka kwa urahisi, na hiyo ni ya bawaba, mikono ya springi na vyuma vya usukani. Zikibadilishana nafasi, chasisi hulegea na usukani huwa mzito, na mjenzi hutafuta kosa katika mota kumbe limo katika pini.

Hatua ya nne: Panga gia

Hapa ndipo magari mengi hushinda au kushindwa, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Gia za matofali haya zimepimwa kwa namna rahisi sana: kila jino huongeza milimita moja ya kipenyo. Gia ya meno 8 ina kipenyo cha milimita 8 pale meno yanapokutana, na ya meno 24 ina milimita 24. Kwa hiyo umbali kati ya ekseli mbili ni nusu ya jumla ya meno yao, kwa milimita. Meno 8 na 24 hutoa milimita 16, yaani nafasi 2 kamili. Meno 8 na 40 hutoa nafasi 3. Meno 12 na 20 hutoa nafasi 2, na 12 na 36 hutoa 3. Meno 16 na 24 hutoa milimita 20, yaani nafasi 2 na nusu, ambayo hupatikana kwa vipande maalumu vya nusu nafasi. Meno 16 na 20 hutoa milimita 18, na hakuna tundu la kawaida linalokaa hapo, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukiwalazimisha hao wawili.

Uwiano hupatikana kwa kugawanya meno ya gia inayopokea nguvu kwa meno ya gia inayoipeleka. Gia ya meno 8 ikisukuma ya meno 24, mwendo hupungua mara 3 na nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara 3, ukitoa inayoliwa na msuguano. Ukiongeza hatua ya pili ya 12 kwa 20, zidisha 3 kwa 1.67, na jumla inakuwa 5 kwa 1.

Hesabu mwendo kabla hujajenga. Mota kubwa ya kizazi cha Power Functions, mfumo wa LEGO wa mota, betri na rimoti, iitwayo XL, huzunguka takribani mara 220 kwa dakika kwa volti 9 ikiwa haina mzigo. Ukipunguza mara 3 unabaki na mizunguko 73. Tairi la kipenyo cha milimita 81.6 husafiri milimita 256 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo gari litakwenda mita 18.8 kwa dakika, sawa na kilomita 1.1 kwa saa, na chini ya hapo litakapobeba uzito wake. Kwa gari la kupanda miamba mwendo huo unafaa kabisa. Kwa gari la mashindano ya mbio haufai, na ni heri kulijua hilo ukiwa bado na kalamu mkononi.

Mota ndogo ina mipaka yake, na mjenzi aiheshimu. Bugatti Chiron ya ukubwa halisi iliyojengwa kwa vipande vya Technic mwaka 2018 ilitumia mota 2,304 na gia 4,032 ili kusogeza watu ndani yake kwa mwendo uliozidi kidogo kilomita 20 kwa saa. Nguvu ipo, ila huja kidogo kidogo, na kila msuguano unaouacha ndani ya gari unaipunguza.

Msuguano hupimwa kwa vidole. Kabla hujaunganisha mota, zungusha ekseli ya kwanza kwa kidole gumba na cha shahada. Izunguke kwa wepesi ule ule katika mduara wote. Ikiwa ina mahali inaposhika kisha ikaachia, gia moja haikukaa wima au ekseli imepinda. Ikiwa nzito mduara mzima, mara nyingi kosa liko kwenye bushi, vile vipete vidogo vinavyozuia ekseli isiteleze: zimesukumwa zikabana boriti pande zote mbili. Isukume ekseli kidogo kwa ncha ya ekseli nyingine hadi uone mwanga mwembamba kati ya bushi na boriti, kisha zungusha tena. Tofauti inasikika kwenye vidole papo hapo.

Gia za pembe, zinazogeuza nguvu kwa nyuzi 90, ndizo hulia kwa kuruka meno gari linapozidiwa. Zisiposhikiliwa pande zote, husukumana mbali. Ekseli zote mbili zipite kwenye kipande kimoja kigumu, au kwenye fremu, karibu kabisa na gia zenyewe, na kila gia iwe na kizuizi mgongoni mwake. Tumia zenye meno 20 badala ya 12 panapokuwa na nafasi.

Punguza mwendo karibu na gurudumu, siyo karibu na mota. Ukipunguza mara 5 pale pale mota inapoanzia, ekseli zote, jointi za krosi (viungo vinavyoiruhusu shafti kupinda) na difu zinabeba nguvu ile kubwa, na ekseli ndefu za plastiki husokotwa hadi zikae na msokoto wa kudumu. Ukiziacha zizunguke haraka kwa nguvu ndogo, na ukapunguza penye gurudumu, vipande dhaifu hupumzika. Kwa sababu hiyo wajenzi wa magari ya porini wanazipenda habu za sayari (vishikio vya gurudumu vyenye gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati) zilizotoka mwaka 2019, ambazo hupunguza mara 5.4 ndani ya ringi yenyewe.

Gia ya skrubu inastahili neno la pekee. Ikisukuma gia ya meno 24, mwendo hupungua mara 24 kwa hatua moja, na gia hiyo haiwezi kuirudisha skrubu nyuma, kwa hiyo mkono wa kreni hubaki ulipoachwa hata betri ikizimwa. Itumie kwenye kreni, winchi na ngazi za gari la zimamoto. Usiitumie kuendesha magurudumu, maana inakula nguvu nyingi kwa msuguano, na gari halitasukumika kwa mkono. Pale ambapo kifaa hufika mwisho wa safari yake na kukwama, weka gia nyeupe ya meno 24 yenye klachi ndani, ambayo huteleza mzigo unapozidi na kuinusuru mota.

Hatua ya tano: Ekseli, usukani na springi

Difu ni ya lazima kwa gari la barabarani, kwa sababu gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani gari linapokata kona. Kwa gari la kupanda miamba difu ni mzigo: gurudumu moja likining'inia hewani, nguvu yote hukimbilia huko na gari hubaki hapo hapo. Weka difu inayofungika, au iache kabisa na ukubali duara pana la kugeuka.

Katika usukani, tazama mahali gurudumu linapozungukia. Sehemu hiyo ikiwa mbali na katikati ya tairi, gurudumu halipindi pale lilipo. Linafagia mbele na nyuma, linagonga bodi, na linahitaji nguvu nyingi. Chagua habu ambazo kiungo chake kinaingia ndani ya ringi. Kisha elekeza mikono midogo ya usukani ndani kidogo, hata ukinyoosha mistari yake kwa mawazo ikutane karibu na katikati ya ekseli ya nyuma. Kwa njia hiyo gurudumu la ndani litapinda zaidi kuliko la nje, kama katika gari halisi. Mota maalumu ya usukani ya Power Functions huzunguka hadi nyuzi 90 kila upande kwa ngazi 7 na hurudi katikati yenyewe, na ndiyo inayomwezesha mjenzi kutangaza katika tamko kwamba usukani unarudi.

Springi zipimwe zikiwa na uzito kamili wa gari, betri ikiwemo. Kipimo ninachokitumia ni kwamba gari likikaa lenyewe springi ishuke kama theluthi moja ya safari yake. Isiposhuka kabisa, gari ni gumu na magurudumu yataruka kila penye kijiwe. Ikishuka yote, hakuna springi, kuna pambo tu.

Hatua ya sita: Mota na betri

Sanduku la betri ndicho kitu kizito kuliko vyote ndani ya gari, kwa hiyo likae chini na karibu na ekseli inayoendesha, na liweze kutolewa bila kubomoa kitu. Betri 6 za kawaida za ukubwa wa AA hutoa volti 9, na 6 za kuchajiwa za volti 1.2 hutoa volti 7.2. Tofauti hiyo inahisika wazi gari linapopanda. Mfumo wa Power Functions ulioanza mwaka 2007 hutumia rimoti ya miale isiyoonekana, ambayo huyumba kwenye jua kali, wakati mfumo uliofuata hutumia Bluetooth na simu. Plagi za mifumo hiyo miwili haziingiliani, kwa hiyo amua mapema ni upi unaoutumia.

Hatua ya saba: Jaribu gari likiwa uchi

Usiweke bodi kabla chasisi haijatimiza kila kazi iliyo katika tamko. Funga juu yake uzito unaokaribiana na wa bodi unayoitarajia, kisha iendeshe kwenye mazulia, sakafu laini na mteremko.

Mteremko hupimwa bila kifaa chochote. Chukua ubao wa urefu wa mita 1 na uinue ncha moja: kimo cha sentimita 26 ni nyuzi 15, na kimo cha sentimita 50 ni nyuzi 30. Likiteleza, tatizo ni tairi au mgawanyo wa uzito. Mota ikisimama, tatizo ni uwiano wa gia. Ukisikia mlio wa meno yakiruka, simamisha mara moja na uinue gari juu, kisha shika gurudumu moja huku mwenzako akiwasha mota kidogo, nawe utazame ni gia zipi zinasukumana. Mahali penyewe huonekana kwa macho, kwa sababu boriti hupanuka kiasi cha unene wa ukucha meno yanapopandana.

Programu za kuchora kwa kompyuta husaidia sana kupanga na kutunza orodha ya vipande. LDraw, iliyoanzishwa na James Jessiman mwaka 1995, ndiyo msingi wa programu nyingi za aina hiyo. Lakini plastiki ya kwenye kioo haina uzito wala msuguano, na gari lililochorwa tu halijajaribiwa.

Hatua ya nane: Bodi

Bodi ishikwe na pini chache, nne au sita, ili iweze kuinuliwa yote kwa pamoja. Hilo humsaidia mjenzi anapotengeneza, na humfungulia mwamuzi njia ya kuona kazi ya ndani. Kabla hujafunga madigadi, kandamiza springi hadi mwisho na upinde usukani hadi mwisho, pande zote mbili, kwa wakati mmoja. Tairi likigusa bodi katika hali hiyo, litaigusa siku ya mashindano.

Kwa sura, anza na mistari mitatu: wa paa, wa kiuno chini ya madirisha, na upinde wa madigadi. Mistari hiyo ikikaa sawa, mtu atalitambua gari hata likiwa na rangi moja. Na rangi moja ni bora kuliko rangi tano zilizotokana na uhaba wa vipande.

Kuamua: maandalizi

Waamuzi wawe watatu, na mmoja wao angalau awe amewahi kujenga gari lake mwenyewe. Kabla ya siku yenyewe, kanuni nne zitangazwe kwa maandishi. Ya kwanza ni kama vipande vilivyokatwa, kupakwa rangi au kugundishwa vinaruhusiwa. Ya pili ni kama vifaa vya kampuni nyingine vinaruhusiwa, kwa mfano SBrick na BuWizz, vinavyoendesha mota kwa amri ya simu. Hiki cha mwisho huweza kutoa volti zaidi ya 9, kwa hiyo magari yanayokitumia yapewe kundi lake. Ya tatu ni aina ya betri, iwe moja kwa wote, na zikiwa mpya au zimejaa chaji. Ya nne ni kwamba mjenzi aliyefuata michoro ya mtu mwingine, yote au sehemu, aseme hivyo waziwazi. Kufuata mchoro si aibu, lakini alama za ubunifu haziwezi kwenda kwa mtu ambaye hakubuni.

Magari ya skeli tofauti yasishindanishwe katika njia moja. Kizuizi cha sentimita 5 ni jiwe dogo kwa gari la tairi la milimita 94, na ni ukuta kwa gari la tairi la milimita 43.

Kuamua: mezani

Mgawanyo ninaoupendekeza ni alama 100: utendaji 40, ujenzi 25, sura na vipimo 20, ubunifu 15. Utendaji umepewa zaidi kwa makusudi. Gari zuri lisilokwenda ni sanamu, na sanamu zina mashindano yake.

Kwa utendaji, mwamuzi achukue tamko na asome kazi moja moja, na mjenzi aionyeshe kila moja mara tatu mfululizo bila kuigusa gari kwa mkono. Ikitimia mara tatu, ipewe alama kamili. Ikitimia mara mbili, nusu. Ikitimia mara moja au isipotimia, haipewi kitu. Kazi moja inapotokea mara moja tu kati ya tatu, hiyo ilikuwa bahati. Alama za kila kazi zipangwe kwa ugumu wake kabla ya magari kuonekana, ili mlango unaofunguliwa kwa kidole usilipwe sawa na giaboksi ya ngazi nne inayobadilisha gia gari likiwa mwendoni. Kitu ambacho gari linafanya lakini hakikuandikwa katika tamko kisihesabiwe hapa. Kinaweza kuonekana katika ubunifu.

Kwa ujenzi, mwamuzi aombe ruhusa ya kushika gari, kisha aliinue kwa kona moja ya mbele na kutazama kama chasisi inasokotika au gari zima linainuka pamoja. Abonyeze kila springi na aachie. Ashike gurudumu la mbele na kulitikisa kushoto na kulia ili kupima ulegevu wa usukani. Mwisho bodi itolewe, na atazame kama ekseli zimeshikwa pande zote za gia, kama nyaya zimepangwa, na kama kuna kipande kilichopindishwa kwa nguvu. Asibonyeze paa wala kuvuta milango kama mtu anayetafuta kuvunja. Kinachopimwa ni matumizi ya kawaida.

Sura hupimwa kwa picha ya gari halisi iliyoletwa na mjenzi, ikitazamwa kutoka ubavuni, mbele na kwenye kona. Gari la kubuni lisilo na mfano halisi lipimwe kwa kuuliza kama linaeleweka: mtu akilitazama ajue ni la kazi gani na dereva anakaa wapi. Ubunifu ndio mgumu zaidi kuamua, nami nashauri kila mwamuzi aandike sentensi moja inayotaja kitu halisi alichokiona, kwa mfano namna shafti ya usukani ilivyopitishwa katikati ya difu. Asiyeweza kuandika sentensi hiyo asitoe zaidi ya alama 5.

Kuamua: uwanjani

Kwa magari ya porini, tengeneza njia yenye milango ya vijiti viwili viwili, na upana wa kila mlango uzidi gari pana kuliko yote kwa tundu moja au mawili kila upande. Kila gari huanza bila adhabu. Kugusa kijiti ni alama 1, kukiangusha ni 3, kurudi nyuma ni 1, kusaidiwa kwa mkono ni 5, na kuruka mlango ni 10. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi, na muda uangaliwe tu pale wawili wanapofungana. Namba zenyewe zinaweza kubadilishwa, ila kurudi nyuma kuadhibiwe kidogo siku zote, la sivyo dereva atapapasa njia badala ya kuisoma.

Njia iwe na angalau sehemu moja ya mteremko wa ubavuni, maana hapo ndipo sanduku la betri lililowekwa juu hujitangaza. Wajenzi watembee kando ya njia na kuitazama kabla ya kuanza, lakini wasiijaribu. Gari likivunjika njiani, mjenzi apewe dakika 5 za kulirekebisha kwa vipande vyake mwenyewe, kisha aendelee pale alipoishia.

Baada ya matokeo kusomwa, kila mjenzi akabidhiwe karatasi zake za alama pamoja na tamko lake, kila kazi ikiwa na alama yake pembeni na neno moja la mwamuzi kuhusu sababu: gia iliruka, springi ilizama, betri ilikuwa juu. Karatasi hizo zitolewe siku hiyo hiyo, magari yakiwa bado mazima mezani, ili mjenzi aweze kuinua bodi na kutazama mahali palipotajwa.